Kuchambua namba kubwa ya palindromu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Mtu amekutana na namba ndefu inayosomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia, kaiingiza kwenye kikokotoo, kikokotoo kikamrudishia kitu chenye herufi E ndani yake, naye anauliza: hii ni namba tasa? Inagawanyika kwa ngapi? Ina vigawo vingapi? Kipeuo chake cha pili ni namba kamili au kina desimali? Hapa tunayajibu yote kwa kuichambua namba moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiielewa hii, nyingine utazichambua mwenyewe.

Namba yenyewe ni hii:

12345678987654321

Ina urefu wa kutosha kuvishinda vikokotoo vingi, lakini karatasi moja inatosha kuimaliza. Kando yake tutamweka ndugu yake, 1234567887654321, ambaye hana ile 9 ya katikati. Utaona kwamba kuondoa tarakimu moja tu kunabadilisha karibu kila kitu.

Kabla hujaanza

Andaa vitu hivi:

- Karatasi, ikiwezekana yenye miraba, ili tarakimu zikae kwenye safu zake.
- Uwezo wa kugawanya kwa mkono. Hakuna aljebra ngumu humu, lakini kugawanya hakukwepeki.
- Orodha ya namba tasa, angalau hadi 100.
- Programu inayoshika namba kamili bila kuzikadiria, kwa ajili ya kuhakiki mwishoni. Python inatosha. Kwenye Linux kuna amri ya `factor`, ambayo ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Lahajedwali sijaliweka kwenye orodha, na si kwa kusahau. Excel hushika tarakimu 15 tu za mwanzo. Zinazobaki huzifanya sifuri. Ukiandika namba yetu humo utabaki na 12345678987654300, ambayo si palindromu tena. Programu nyingi zinazotumia namba za desimali za kompyuta nazo zina mpaka wao: zikishavuka 9007199254740992, namba witiri zinaanza kupotea. Namba yetu imeshauvuka mpaka huo, kwa hiyo programu ya aina hiyo itaihifadhi kama 12345678987654320 na kukuambia kwa kujiamini kabisa kwamba inagawanyika kwa 10.

Hatua ya 1: Inakili kwa usahihi, kisha thibitisha kuwa ni palindromu

Andika namba bila mikato wala nafasi. Weka kidole cha kushoto kwenye tarakimu ya kwanza na cha kulia kwenye ya mwisho, kisha vilete katikati pamoja, hatua moja moja. Kila mara vidole viwe juu ya tarakimu zinazofanana. Hizo mbili nitaziita tarakimu pacha, maana tutazihitaji tena hatua ya 4.

Kosa la kawaida: kutenganisha kwa mikato ya maelfu kabla ya kukagua. 12,345,678,987,654,321 ni namba ile ile, lakini mikato inaficha ulinganifu, na jicho linaanza kulinganisha mafungu badala ya tarakimu.

Namba inayoishia na 0 haiwezi kuwa palindromu, kwa kuwa ingelazimika kuanza na 0 pia. Ukiona sifuri mwishoni, rudi kwenye chanzo ulikoitoa; huenda lahajedwali limeshaiharibu.

Hatua ya 2: Hesabu tarakimu

Namba yetu ina tarakimu 17. Ndugu yake ana 16.

Huu ndio ukaguzi wa bei nafuu kuliko wote, na watu wengi wanauruka. Palindromu yenye idadi shufwa ya tarakimu inagawanyika kwa 11. Kila mara, bila ubaguzi. Sababu ni kwamba kipimo cha 11 ni kutoa na kujumlisha tarakimu kwa zamu kutoka kulia, na idadi ikiwa shufwa basi pacha mmoja huangukia kwenye kujumlisha na mwenzake kwenye kutoa. Wanafutana, jibu linakuwa 0.

Kwa hiyo 1234567887654321 tumeshaipata kigawo bila jasho. Igawanye kwa 11 upate 112233444332211. Inapendeza kwamba jibu nalo ni palindromu, lakini usijenge kanuni juu ya hilo: 9119 ÷ 11 = 829, na 829 si palindromu.

Kutokana na hili, 11 ndiyo namba tasa pekee yenye idadi shufwa ya tarakimu ambayo ni palindromu. Ukiulizwa kama palindromu ya tarakimu 40 ni tasa, jibu ni hapana, hata kabla hujaonyeshwa tarakimu zake.

Kwa namba yetu ya tarakimu 17 itabidi tupime. Kutoka kulia: 1 − 2 + 3 − 4 + 5 − 6 + 7 − 8 + 9 − 8 + 7 − 6 + 5 − 4 + 3 − 2 + 1 = 1. Baki ni 1, haigawanyiki kwa 11.

Hatua ya 3: Tazama tarakimu ya mwisho

Inaishia na 1, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Kwa palindromu tarakimu ya mwisho ndiyo ya kwanza pia, hivyo kuitazama namba inapoanza tu kunatosha: palindromu ndefu ikianza na 2, 4, 5, 6 au 8, si tasa.

Hatua ya 4: Jumlisha tarakimu, na usiishie kwenye 9

Jumla ya 1 hadi 8 ni 36. Mara mbili ni 72. Ongeza 9 ya katikati: 81.

Shuleni tulifundishwa kwamba jumla ikigawanyika kwa 3, namba inagawanyika kwa 3. Ikigawanyika kwa 9, namba inagawanyika kwa 9. Na hapo ndipo kanuni inapokoma. Kwa namba za kawaida ni kweli inakoma. Mfano, 1899 ina jumla ya 27 lakini haigawanyiki kwa 27, inabakiza 9.

Kwa palindromu, kanuni hiyo inaendelea hadi 27 na hadi 81. Jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 27, palindromu inagawanyika kwa 27. Ikigawanyika kwa 81, palindromu inagawanyika kwa 81. Isipogawanyika, haigawanyiki. Hii ndiyo zawadi kubwa zaidi ya ulinganifu, na sielewi kwa nini haitajwi mara nyingi zaidi.

Nadharia yake ni fupi, vumilia aya moja. Hesabu nafasi za tarakimu kutoka kulia, ya kwanza ikiwa nafasi 0. Kumi kwa kipeo i ikigawanywa kwa 81 huacha baki lile lile ambalo 1 + 9i ingeliacha. Pacha wawili wanakaa nafasi i na nafasi m − i, ambapo m ni idadi ya tarakimu ukitoa moja. Jumlisha: (1 + 9i) + (1 + 9(m − i)) = 2 + 9m. Ile i imetoweka! Maana yake kila jozi ya pacha ina uzito uleule, iwe pembeni au karibu na katikati. Kwa namba yetu m ni 16, na uzito ni 146. Kwa kuwa 2 + 9m haigawanyiki kwa 3 kamwe, uzito huo hauongezi wala haupunguzi kigawo chochote cha 3. Yote yanabaki juu ya jumla ya tarakimu.

Basi namba yetu, yenye jumla ya 81, inagawanyika kwa 81. Ndugu yake ana jumla ya 72, inayogawanyika kwa 9 lakini si kwa 27; kwa hiyo ana 9 tu, hana zaidi. Tumemaliza habari ya 3 kwa kujumlisha tu.

Onyo: kanuni inaishia 81. Kwa 243 usiitumie, maana hapo nafasi ya kila jozi inaanza tena kuwa na athari. Na usiitumie kabisa kwa namba ambayo hujahakikisha kuwa ni palindromu.

Hatua ya 5: Kata mafungu ya tatu tatu

Sasa mikato ina kazi. Anza kulia: 321, 654, 987, 678, 345, 12.

Kwanza yajumlishe na kuyatoa kwa zamu: 321 − 654 + 987 − 678 + 345 − 12 = 309. Kwa kuwa 1001 = 7 × 11 × 13, baki la 309 kwa 7, 11 na 13 ndilo baki la namba nzima. 309 inabakiza 1 kwa 7, inabakiza 1 kwa 11 (inakubaliana na hatua ya 2, vizuri), na inabakiza 10 kwa 13. Hakuna hata moja iliyomo.

Kisha yajumlishe yote: 12 + 345 + 678 + 987 + 654 + 321 = 2997. Hapa tunatumia 999 = 27 × 37. Na 2997 = 3 × 999, kwa hiyo namba yetu inagawanyika kwa 37.

Wengi huvurugika kwa kukata kuanzia kushoto. Ukikata 123, 456, 789 na kuendelea, mafungu yote ni batili. Ni kulia kwenda kushoto, na fungu la mwisho likibaki na tarakimu moja au mbili, liache hivyo hivyo.

Ukitaka kuipima 101, kata mawili mawili badala ya matatu, toa na jumlisha kwa zamu. Namba yetu: 21 − 43 + 65 − 87 + 89 − 67 + 45 − 23 + 1 = 1, haimo. Ndugu yake: 21 − 43 + 65 − 87 + 78 − 56 + 34 − 12 = 0, imo.

Hatua ya 6: Uliza kama ni kipeo cha pili cha namba kamili

Fanya hili kabla ya kuanza kutafuta vigawo tasa vikubwa. Namba ikiwa ni kipeo cha pili, kazi yote iliyobaki inafanyika kwenye kipeuo chake, ambacho kina nusu ya tarakimu.

Kuna machujio ya haraka. Namba inayoishia na 2, 3, 7 au 8 si kipeo cha pili. Inayogawanyika kwa 3 lakini si kwa 9 siyo. Inayogawanyika kwa 27 lakini si kwa 81 siyo. Yetu imepita yote matatu. Palindromu yenye idadi shufwa ya tarakimu lazima igawanyike kwa 121, si kwa 11 tu. Zipo zinazofaulu, kama 698896 ambayo ni 836 × 836, ila ni adimu.

Sasa kadiria. Tarakimu 17 zinatoa kipeuo cha tarakimu 9. Kikokotoo kitakuonyesha 111111111. Usikiamini bado: kwenye kioo cha tarakimu 10 au 12, kipeuo cha 12345678987654320 nacho kinaonekana kama 111111111. Zidisha mwenyewe kwenye karatasi. Kuzidisha 111111111 kwa 111111111 ni kuandika mistari tisa ya moja moja, kila mmoja ukisogea nafasi moja kushoto, kisha kujumlisha safu. Safu ya kwanza ina moja 1, ya pili mbili, hadi ya katikati yenye tisa, halafu zinapungua tena. Hakuna safu inayofika kumi, kwa hiyo hakuna cha kubeba, na jibu linatoka kama lilivyo: 12345678987654321. Ni kipeo cha pili kweli.

Umbo hilo linavunjika mara tu unapoongeza moja nyingine. 1111111111 × 1111111111, zikiwa moja kumi kumi, ni 1234567900987654321: safu ya katikati imefika kumi, imebeba, ulinganifu umekwenda. Ndugu yetu mwenye tarakimu 16 naye anatokana na meza ile ile, ila ni moja nane mara moja tisa: 11111111 × 111111111. Ukishaujua mchezo huu, ukiona tarakimu zinapanda na kushuka ngazi moja moja, jaribu kwanza namba zenye tarakimu 1 tupu.

Hatua ya 7: Vunja hadi vigawo tasa

Tunafanya kazi kwenye 111111111. Jumla ya tarakimu ni 9, nayo ni palindromu, kwa hiyo ina 9 na haina 27. Gawanya: 111111111 ÷ 9 = 12345679. Ndiyo, ile 8 imerukwa. Si kosa la chapa.

Hatua ya 5 ilituonyesha 37. 12345679 ÷ 37 = 333667, bila baki.

Je, 333667 ni tasa? Hapa ndipo watu wanapokata tamaa au, vibaya zaidi, wanapokisia. Kanuni ni hii: jaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba unayoipima, si zaidi. 577 × 577 = 332929 na 578 × 578 = 334084, kwa hiyo mwisho ni 577. Hadi hapo kuna namba tasa 106. Ni kazi ya jioni moja kwa mkono, ila inawezekana kuipunguza. Kwa sababu 333667 inagawanya 999999999, kigawo chake tasa chochote kingelazimika kuwa 3, au namba inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 18. Kipime kwanza cha 3: jumla ya tarakimu za 333667 ni 28, hakimo. Wanabaki hawa kumi na saba tu:

19, 37, 73, 109, 127, 163, 181, 199, 271, 307, 379, 397, 433, 487, 523, 541, 577

Wagawanye mmoja mmoja. 19 inabakiza 8, 37 inabakiza 1, 163 inabakiza 6, na kadhalika. Hakuna inayogawanya sawasawa. 333667 ni tasa.

Kwa hiyo 111111111 = 3² × 37 × 333667, na ukiipandisha kwenye kipeo cha pili:

12345678987654321 = 3⁴ × 37² × 333667²

Ndugu yake anahitaji pia 11111111 = 11 × 73 × 101 × 137, naye anakuwa:

1234567887654321 = 3² × 11 × 37 × 73 × 101 × 137 × 333667

Linganisha na hatua ya 4: 3⁴ kwa mmoja, 3² kwa mwingine, kama jumla za tarakimu zilivyotabiri.

Hatua ya 8: Idadi na jumla ya vigawo

Idadi ni rahisi. Chukua kila kipeo, ongeza 1, kisha zidisha. Namba yetu: (4 + 1) × (2 + 1) × (2 + 1) = 45. Ndugu yake: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 192. Namba ndogo ina vigawo vingi zaidi ya mara nne ya kubwa. Ukubwa wa namba hauna usemi katika jambo hili.

Idadi ya vigawo ikiwa witiri, namba ni kipeo cha pili. Ikiwa shufwa, siyo. Ni hakikisho la bure la hatua ya 6.

Jumla ya vigawo inahitaji uvumilivu kidogo. Kwa kila kigawo tasa jumlisha vipeo vyake kuanzia 1:

- 1 + 3 + 9 + 27 + 81 = 121
- 1 + 37 + 1369 = 1407
- 1 + 333667 + 111333666889 = 111334000557

Zidisha zote tatu upate 18954279592827579. Ndani ya jumla hiyo namba yenyewe imo. Itoe, inabaki 6608600605173258, ambayo ni ndogo kuliko namba yetu. Namba ya aina hii huitwa pungufu: vigawo vyake vingine vyote vikikusanyika haviifikii.

Kosa la mara kwa mara hapa ni kusahau ile 1 ya mwanzo kwenye kila mstari. Ukiisahau, jibu linatoka dogo na hakuna kitakachokushtua.

Hatua ya 9: Tafuta jirani zake na nafasi yake kwenye foleni

Hatua hii si ya lazima, lakini swali lake huja sana. Palindromu ya tarakimu 17 inaamuliwa na tarakimu zake 9 za mwanzo. Zilizobaki ni kivuli. Nusu ya kwanza ya namba yetu ni 123456789.

Palindromu inayofuata: ongeza 1 kwenye nusu, upate 123456790, kisha iakisi: 12345679097654321. Iliyotangulia: punguza 1, upate 123456788, akisi: 12345678887654321. Umbali wa kwenda mbele ni 110000000, wa kurudi nyuma ni 100000000. Haulingani kwa sababu kwenda mbele kulibeba.

Palindromu za tarakimu 17 ziko 900000000 kwa jumla, kuanzia ile yenye nusu ya 100000000. Yetu ni ya 123456789 − 100000000 + 1 = 23456790 kwenye foleni hiyo.

Tahadhari: ukiiakisi nusu yenye tarakimu ya katikati, usiirudie tarakimu hiyo. 123456789 ikiakisiwa pamoja na 9 yake inakuwa 123456789987654321, ya tarakimu 18, ambayo ni namba nyingine kabisa.

Hatua ya 10: Hakiki kwa programu

Kwenye Python andika:

```
import math
n = 12345678987654321
str(n) == str(n)[::-1]
n % 81
math.isqrt(n) ** 2 == n
3**4 * 37**2 * 333667**2 == n
```

Unatarajia True, 0, True, True. Kwa kugawanya tumia `//`, kamwe si `/` moja. Ile ya mstari mmoja inageuza jibu kuwa la desimali. Jaribu `int(n / 1)` uone namba yako ikirudi ikiwa 12345678987654320.

Kwenye Linux, `factor 12345678987654321` itakupa 3 3 3 3 37 37 333667 333667.

Mambo yakienda kombo

*Kikokotoo kinaonyesha 1.234567899E16 au kitu kama hicho.* Hakijaharibika. Kimekupa tarakimu za mwanzo na idadi ya nafasi, kimetupa zilizobaki. Hakuna kitufe cha kuzirudisha; hamia kwenye karatasi au kwenye programu ya namba kamili.

*Nimeiweka kwenye lahajedwali na mwisho umekuwa sifuri.* Futa seli, ibadilishe iwe ya maandishi kwanza, ndipo uandike upya. Itaonekana sawa, lakini ni maandishi tu. Ukiifanyia hesabu itakatwa tena.

*Ina tarakimu shufwa lakini kipimo cha 11 hakitoi 0.* Umenakili vibaya, au umepoteza alama ya kutoa katikati ya safari. Rudi hatua ya 1.

*Nimezidisha vigawo lakini sirudi kwenye namba ya mwanzo.* Linganisha baki la 9 la pande zote mbili. Yakitofautiana, kosa lipo. Yakilingana, usishangilie bado: baki la 9 halioni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Pima na baki la 11, ambalo hukamata tarakimu mbili za jirani zikigeuzana.

*Jumla ya tarakimu inagawanyika kwa 27 lakini namba inagoma.* Basi si palindromu. Hakuna maelezo mengine.

*Nimejaribu 3, 7, 11, 13, 37 na 101, hakuna hata moja.* Endelea na namba tasa nyingine hadi uchoke, kisha tumia kipimo cha Miller na Rabin, ambacho hupima kwa programu kama namba ni tasa bila kutafuta vigawo vyake. Kwa namba yoyote iliyo chini ya 18446744073709551616, kipimo hicho kikifanywa kwa misingi 12 ya namba tasa za kwanza, yaani 2 hadi 37, jibu ni la uhakika na si la kubahatisha. Namba yoyote ya tarakimu 19 au pungufu imo ndani ya mpaka huo.

*Namba yangu ni ndefu kuliko hapo.* Kujaribu vigawo kimoja kimoja hakutakufikisha. Namba 1000000000000066600000000000001, yenye tarakimu 31 na inayojulikana kama namba tasa ya Belphegor, ina jumla ya tarakimu 20, inaishia na 1, na kipeuo chake cha pili kinazidi kidogo 1000000000000000. Kwa mkono utaweza kuondoa 2, 3, 5 na namba chache nyingine za mwanzo. Kuthibitisha utasa wake ni kazi ya programu. Palindromu ndefu isiyo tasa, yenye vigawo viwili vikubwa vinavyokaribiana kwa ukubwa, ndiyo itakayokutesa zaidi, kwa kuwa hapo hata `factor` inaweza kukaa kimya muda mrefu. Iache iendelee, na wakati ikifanya kazi andika kwenye karatasi yale ambayo hatua ya 2 hadi ya 5 zimeshakupa.